Uzoefu wangu na CD ya Eddie & Ernie, "Lost Friends"

Nina wiki tatu na hii CD ila nimeanza kuisikiliza juzijuzi tu, laptop za siku hizi hazina pa kuingizia CD, ikabidi niende kwa fundi redio wa mtaani anifufulie deki ya zamani, elfu thelathini ikatoka hapo, kwa hiyo ukipanga kununua na hiyo uipigie hesabu. CD yenyewe wameitoa Kent, lebo ndogo iliyo chini ya Ace Records, kampuni ya muziki ya London, 2002. Mimi kaniletea shemeji kwenye begi lake.

Sasa hawa jamaa ni akina nani. Eddie Campbell na Ernie Johnson, waimbaji wawili wa soul, ule muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, wa Phoenix, Arizona, huko jangwani. Ukitaja soul watu wanakutajia Detroit, Memphis, Chicago, Phoenix nani anaitaja? Nadhani hapo ndo walipofia. 1965 walipata hit moja, Time Waits for No One, ikaingia chati ya R&B ya Marekani, baada ya hapo wakawa wanahama lebo tu, mara Eastern, mara Columbia, mara Revue, singo huku singo kule, kazi yao yote ikatawanyika. Ndo maana CD kama hii ina maana, bila hivyo ungekesha unawinda santuri moja moja.

Kilichoniuma ni Outcast. Miaka yote nilijua ni wimbo wa The Animals, wale wazungu wa Newcastle, waliurekodi 1966. Kumbe wenyewe ni hawa, wameutunga na wakauimba kabla! Nimerudi kuusikiliza ule wa Animals nao mzuri sikatai, ila pale anaimba mtu mmoja mwenye hasira, huku ni wawili wanasukumana.

Na hapo kwenye wawili ndo penyewe. Nimeimba teno kwaya miaka mingi, najua kazi ya kuimba na mwenzio bila kumfunika. Sam & Dave, wawili wengine wa soul, wao wanaitikiana, huyu anatupa yule anadaka, unajua kabisa nani ni nani. Hawa wanabanana, sauti ya pili inapanda hadi inagusa ya kwanza af zinalia pamoja, mimi bado kuna sehemu nachanganya nani kaimba wapi. Ile Time Waits for No One inaanza taratibu kama watu wanaongea, ukifika mwisho wanapiga kelele za mtu aliyefiwa, na bado hawatoki kwenye noti, hata nusu!! Fundi aliposikia kaacha kuchomelea akaniuliza hawa ni walokole?

Ubaya wake: usiisikilize yote kwa mkupuo. Ni mapenzi yaliyovunjika toka mwanzo mpaka mwisho, wimbo wa kumi na kitu nikaanza kuchoka, mke wangu kasema zima hicho kilio. Mimi sasa naweka nne tano usiku basi. Kama unatafuta za kucheza harusini hii siyo, ila kama unaimba na mwenzio kanisani au baa, itafute.

Nyota nne. Ningempa mtu aazime lakini iko kwa fundi, aliomba akae nayo wikendi moja, leo Jumatano.