Jiko dogo la gesi: wiki sita korongoni na milimani

Nilipostaafu nilipakia hema garini nikaondoka peke yangu. Makorongo ya jangwani kwanza, kisha barabara za kupanda milima. Kitu nilichokishika kila siku ni jiko hili la kichwa kimoja, lile la kufungia juu ya mtungi mdogo.

Jangwani lilinifurahisha mno. Naliwasha alfajiri, jua bado halijafika chini korongoni, na chai inachemka kabla sijamaliza kukunja mkeka. Adui ni upepo, maana unapita mle kwa kasi na moto unalala upande. Nililikinga kwa mawe upande mmoja tu. Ukilizungushia pande zote mtungi hupata joto, na hapo ni hatari.

Shida ilianzia mlimani. Asubuhi moja kioo cha gari kimeganda barafu, moto ukafifia hadi ukabaki uzi wa bluu, na mtungi bado mzito mkononi! Kumbe ulikuwa wa gesi ya butani tupu, ambayo chini ya nyuzi 0 haigeuki kuwa mvuke. Niliukumbatia ndani ya koti mpaka ukapata uvuguvugu, moto ukarudi. Tangu hapo natumia mchanganyiko wenye propani, gesi isiyoshindwa na baridi hiyo. Maharage nayo pikeni bondeni: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi, utangoja sana.

Kitufe cha kuwashia ni kigumu kwa vidole vya umri wangu, na sufuria pana inayumba. Hata hivyo nimeshalifungasha kwa safari ijayo, pamoja na kiberiti.