Darasa la ulinganifu wa sauti kwa viongozi wa kwaya, Bukavu

Jioni tatu, saa mbili kila jioni. Limeandaliwa kwa viongozi wa kwaya wanaojitungia nyimbo, na upande wa muziki ni darasa zuri kweli.

Mwalimu anaanza na sikio. Waimbaji wawili wanashika "aa" moja. Mmoja akiwa kwenye hertzi (mitetemo kwa sekunde) 440 na mwenzake 442, sauti inatikisika mara mbili kwa sekunde. Mtikiso ukitulia, wamelingana. Halafu anapanga sauti nne: besi nota "la" ya hertzi 110, tenori "mi" ya 165, soprano "la" ya 440. Alto huingia mwisho, kwa upole, na "do dieze" (do iliyopandishwa nusu toni). Hapo ndipo kwaya nyingi huharibikiwa. Sikio linataka 275, lakini kinanda kinatoa 277 na ushee, kwa sababu kimegawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa. Alto wakifuata sikio wanagongana na kinanda. Wakifuata kinanda, sauti nne zinatikisika. Dawa yake ni rahisi: sauti zikishikiliwa, mpiga kinanda abaki na "la" na "mi" tu. Mi ya kinanda ni 164.8, tofauti ambayo haisumbui.

Ushairi ndio umeachwa nyuma. Karatasi ya darasa inasema mistari inalingana ikiishia irabu moja. Hicho ni kipimo cha Kifaransa cha shuleni, ambako rimu (kina) dhaifu hukubaliwa kwa irabu pekee. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. "Neno" na "pendo" hazina kina. "Pendo" linadai "mwendo" au "vitendo". Maneno yetu karibu yote huishia irabu, nazo ni tano tu, kwa hiyo kulinganisha irabu peke yake ni kuokota kilichoanguka chenyewe.

Mizani, yaani hesabu ya silabi, nayo imepitwa haraka mno. "Mtu" ni mizani mbili, m-tu, na hiyo m inahitaji nota yake. Ikinyimwa, waimbaji huibana, kila mmoja kwa wakati wake, na t inasikika kama changarawe. Katika "pendo", -nd- itamkwe kidogo kabla ya pigo ili o ya wote ianze pamoja.

Anayejiandikisha abebe ubeti wake mwenyewe wa Kiswahili, wa mizani 8 kwa 8, na aombe ufanyiwe kazi jioni ya pili, sauti nne zinapopangwa. Mifano ya karatasi yote ni ya Kifaransa.