Holašovice, Bohemia ya Kusini: tathmini kwa anayefikiria kwenda kukitembelea kijiji hiki

Wageni wengi wanaofika Holašovice hupiga picha chache, huzunguka uwanja mara moja, kisha hurudi garini kuelekea mji wa Český Krumlov, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapojipunja. Kijiji hiki cha Jamhuri ya Cheki kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1998, lakini hakina kasri, hakina kanisa kuu, wala hakina jengo hata moja ambalo mtu angefunga safari kutoka mbali kwenda kulitazama peke yake. Kilichoorodheshwa ni kijiji kizima kama kilivyo: uwanja, nyumba, maghala, mabanda na bustani za nyuma. Anayekwenda akiwa na subira, na akiwa ameijua historia ya mahali hapo angalau kidogo, atapata thamani kamili ya nauli yake.

Holašovice iko takriban kilometa 15 magharibi mwa jiji la České Budějovice, katika bonde pana na tambarare lenye ardhi ya majimaji na mabwawa mengi ya samaki yaliyochimbwa kwa mikono ya watu tangu karne za kati. Upande wa kusini bonde hilo linafungwa na vilima vya Blanský les, ambako kilele cha Kleť kinafikia meta 1,084, nacho huonekana vizuri siku isiyo na ukungu. Katikati ya kijiji kuna uwanja mrefu wa majani wenye urefu wa meta 210 hivi na upana wa meta 70, wenye kidimbwi, kanisa dogo la Mtakatifu Yohane wa Nepomuk lililojengwa mwaka 1755, na nyumba iliyokuwa karakana ya mhunzi. Nyumba za wakulima zimeuzunguka uwanja huo pande zote, na zote zimeuelekezea uso.

Ushauri wangu ni kwamba mgeni achague boma moja tu na kulitazama kwa makini kabla ya kuendelea na mengine. Ataona kuta mbili za mbele zinazopanda na kuchongoka hadi kileleni mwa paa, moja ikiwa ya nyumba ya kuishi na nyingine ya ghala la nafaka, na kati yake ukuta wenye lango kubwa la tao la kupitisha mkokoteni uliojaa mavuno, na ubavuni mwake mlango mdogo wa watu. Nyuma ya lango kuna ua, mwisho wa ua kuna banda kubwa, na nyuma ya banda kuna bustani ya miti ya matunda inayopakana na mashamba. Mafundi waashi wa vijijini waliuchukua mtindo wa baroko, yaani ule ujenzi wa Ulaya wenye mapambo mengi, kutoka makanisani na majumba ya makabaila, wakaufinyanga kwa lipu kwenye kuta hizo za mbele: mikunjo kama ya mawimbi, maua, vishada, na kwenye baadhi ya kuta mwaka wa ujenzi. Rangi ni za manjano, waridi, kijani na samawati iliyopauka. Ghala la nafaka limepambwa sawasawa na nyumba ya kuishi, na nadhani hilo peke yake linatosha kueleza ni kitu gani mkulima wa hapa alikithamini na alitaka jirani zake wakione.

Fahari hiyo ina sababu yake katika historia. Kijiji kinatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi mwaka 1263, na mwaka 1292 Mfalme Václav II alikitoa kwa monasteri ya Wasistersiani (shirika la watawa wa Kikatoliki) ya Vyšší Brod, ambayo iliendelea kukimiliki hadi mwaka 1848. Kati ya mwaka 1520 na 1525 tauni iliua karibu watu wote, wakabaki wawili tu. Monasteri ikaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria ili ardhi isibaki pori, na tangu hapo Kijerumani kikawa lugha ya wengi kijijini. Utumishi wa lazima kwa makabaila ulipofutwa mwaka 1848, wakulima walimiliki ardhi waliyoilima, wakapata fedha zao wenyewe, na nyumba tunazoziona leo nyingi zilijengwa au kupambwa upya kati ya miaka ya 1840 na 1880. Hata hivyo mpangilio wa viwanja haukuguswa: maboma ya karne ya 19 yamekaa juu ya mipaka ya karne za kati.

Sehemu ngumu zaidi ya historia hii mgeni hataiona kwenye kuta, na ningependa kila mtu awe ameijua kabla hajaanza kuzisifu rangi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa, kama ilivyofanyika kote nchini humo, na maboma mengi yakabaki matupu. Kwa miongo kadhaa kijiji kilichakaa bila kubomolewa na bila kujengwa upya, kwa hiyo mageuzi ya ujenzi yaliyobadilisha sura ya vijiji vingine vya eneo hilo yalikipita kando. Ukarabati mkubwa ulifanyika baada ya mwaka 1990, na umefanywa kwa uangalifu wa kusifika. Uzuri tunaoufurahia leo umehifadhiwa, kwa sehemu kubwa, na msiba wa waliofukuzwa, na mimi sioni namna ya kukitathmini kijiji hiki kwa haki bila kulisema jambo hilo waziwazi.

Kwa upande wa huduma, kuna maonyesho ya zana za kilimo na vyombo vya nyumbani katika boma mojawapo, ambayo ni madogo lakini yanafaa, hasa kwa sababu humruhusu mgeni kuingia uani. Maboma mengine ni makazi ya watu, na lango lililofungwa liheshimiwe. Katika mikahawa ya Bohemia ya Kusini ningeagiza kulajda, supu nzito ya viazi, uyoga, krimu chachu na majani ya shibiti, inayoletwa ikiwa na yai juu yake. Hushibisha vya kutosha kwa mlo wa mchana. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza, kwa maana nyama hiyo na mafuta yake hutumika sana katika mapishi ya huko.

Udhaifu mkubwa ni usafiri. Mabasi kutoka České Budějovice yapo, lakini ni machache, na mwisho wa juma hupungua zaidi, hivyo asiye na gari aangalie ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka mjini. Mwenye baiskeli amepata bahati, kwa kuwa njia ni tambarare na hupita kando ya mabwawa. Kila mwaka mwezi Julai kuna sherehe za wakulima zenye soko la kazi za mikono na ngoma za asili. Anayependa watu na bidhaa aende wakati huo, lakini mwenye nia ya kuusoma uwanja na kuta zake atazuiwa na vibanda na umati. Mimi ningechagua siku ya kazi mwezi Mei au Septemba, asubuhi, na baada ya kuzunguka uwanja ningetoka hadi kwenye njia za mashambani nyuma ya mabanda, ambako mpangilio wa boma, bustani na shamba unaonekana wote kwa pamoja. Nakipa kijiji nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua ni ya mabasi.