Mtungi wa lita 15: nimebeba mzigo, nimepata dakika sita

Kila tukizama chini ya maji na mitungi ya hewa mgongoni, mimi ndiye wa kwanza kuweka ngumi kifuani, ishara kwamba hewa inaelekea kuisha. Wenzangu bado wana baa 100 (kipimo cha presha ya mtungi, si zile za bia), mimi niko 60. Kwa aibu hiyo nikaacha mtungi wa lita 12, nikakodi wa chuma wa lita 15. Nilijua sasa yamekwisha.

Lita hizo 15 si hewa iliyomo, ni ukubwa wa tumbo la mtungi. Ukijazwa hadi baa 200, zidisha: unapata lita 3,000 za hewa hii hii tunayovuta kila siku, imeshindiliwa tu. Wanaouita "mtungi wa oksijeni" tuwasamehe. Wa lita 12 unatoa 2,400. Tenga baa 50 za akiba, zinabaki 2,250 kwa mkubwa na 1,800 kwa mdogo.

Kinachozila hewa hizo ni kina. Nikiwa juu navuta kama lita 25 kwa dakika. Mita 10 chini presha ni maradufu, kwa hiyo navuta 50. Mita 20 ni mara tatu, 75. Gawanya sasa: mtungi mdogo dakika 24, mkubwa 30, bila kuhesabu kushuka na kupanda. Dakika sita! Na kwa hizo sita niliubeba ule mchuma hadi kwenye boti huku mgongo ukilia.

Halafu siku ya kwanza nilipewa mtungi ukiwa bado wa moto kutoka kwenye kompresa, mashine ya kujazia hewa. Geji ilisoma 200. Kufika majini, 185. Nikamwomba mwenzangu atazame kama vali inatoa mapovu. Hakuna hata moja. Hewa ilikuwa imepoa tu, na ikipoa presha hushuka. Waliojaza walikuwa na haraka zao, hasara ikawa yangu.

Sifa unayo moja ya kweli: chuma hakielei. Mitungi ya alumini, hewa ikipungua, huanza kukuvuta juu. Huu ulitulia, nikapunguza kilo mbili za vizito vya risasi kwenye mkanda wa kunizamisha.

Mkufunzi alinitazama mizamo miwili, tulipotoka akaniambia, "Ndugu yangu, kule chini unafukuza nyuki?" Kumbe nilikuwa napiga mikono muda wote. Nikaikunja kifuani, mapezi ya miguuni nikayapiga taratibu, nikaacha pumzi itoke polepole hadi mwisho. Baada ya wiki chache hesabu yangu imeshuka hadi lita 18 kwa dakika nikiwa juu. Kwa mtungi ule ule wa 12, kwenye mita 20, ni dakika 33.

Wa lita 15 nimeurudisha. Mtu mwenye kifua kipana na mgongo wa kubebea, akodi. Mwenye kilo 60 kama mimi, aanze na ile mikono.