Nimeijenga Ardour mwenyewe: mikesha mitatu na elfu kumi

Kuna fundi mmoja wa kompyuta hapa kwetu Morogoro, jina lake silitaji. Aliniambia maneno manne tu: "Futa folda, anza upya." Maneno hayo yamenila mikesha mitatu na bando mbili, na hayakuwa na ukweli wowote. Nimekaa kuandika tathmini hii ya Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, kwa sababu yake.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Rafiki yangu wa Arusha alitupigia kinanda na gitaa la besi, akanitumia mradi mzima ndani ya flashi kwa basi. Yeye anatumia Ardour toleo la 8. Laptopu ya kwaya ina mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, na Ardour unayoipata humo kwa amri moja ni 6.9. Mradi haukufunguka. Kuanzia toleo la 7 namna ya kuhifadhi muda na tempo ilibadilika, hivyo la zamani haliwezi kusoma kazi ya jipya. Kwenye tovuti yao kuna iliyokwisha kujengwa, lakini ya bure ni ya majaribio, hunyamaza baada ya dakika 10. Ya kulipia ilitaka kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, nami wakati huo sikuwa nayo. Msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, uko wazi kwa kila mtu chini ya leseni huria ya GPL. Nikasema, tujenge: tuyageuze maandishi hayo kuwa programu sisi wenyewe.

Bando la kwanza liliishia kwenye zipu ya GitHub, tovuti ambako msimbo huwekwa. Hiyo haijengeki, kwa sababu namba ya toleo husomwa kwenye historia ya git, chombo kinachotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, na zipu haina historia. Lazima uchukue kwa git clone. Hili limeandikwa, mimi ndiye sikulisoma, kwa hiyo simlaumu mtu.

Kisha maktaba, yaani vipande vya programu ambavyo Ardour inavitegemea: liblo, lilv, vamp, rubberband, taglib, na nyingine nyingi. Watu hutisha wenzao hapa, lakini mimi sikuona tabu. Unaruhusu mistari ya deb-src kwenye orodha ya vyanzo vya Ubuntu, unaandika apt build-dep ardour, na karibu zote zinashuka zenyewe. Inayobaki, amri ya ./waf configure inakutajia kwa jina; waf ndicho chombo kinachoijenga Ardour. Mpaka hapo nilikuwa nawasifu moyoni.

Nikaandika ./waf usiku, baada ya mazoezi. Mistari ikaanza kupanda, namba upande wa kushoto inasogea, feni inavuma. Ilipopita nusu laptopu ikaganda, hata kishale hakisogei. Nikangoja. Iliporudi kulikuwa na ujumbe: Killed signal terminated program cc1plus. Basi. Imeuawa. Nani kaua, kwa nini, hakuna neno.

Asubuhi nikaibeba kwa yule fundi. Alikuwa anakula chipsi, hakunyanyua macho. Nikamwonyesha ujumbe nilioupiga picha kwa simu. Akauliza hii ni ya nini, nikamwambia ni ya kurekodi kwaya. Akacheka, wenzake wawili nao wakacheka.

"Mwalimu, hizi kazi zina wenyewe. Nyie imbeni."

Nikamwambia nimekuja kuuliza kuhusu kosa, sikuja kuuliza kuhusu kuimba. Ndipo akasema folda imeharibika, futa uanze upya, ikigoma tena nunua mashine ya maana. Akadai elfu kumi ya kuangalia. Kuangalia! Hata kuigusa hakuigusa. Nikatoa, maana watu walikuwa wanatazama na mimi ni mtu mzima.

Nikafuta. Nikashusha tena msimbo wote, nikakesha tena. Ikauawa tena, karibu mahali palepale. Nikafuta tena, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa na mtu niliyemlipa. Mkesha wa tatu ukaisha vilevile, na nikatamka kwamba sitagusa tena programu ya bure maishani.

Aliyeniokoa ni kijana wangu anayeimba tenor, bado yuko chuoni. Alikuja mapema siku ya mazoezi, akanikuta nimekaa kimya. "Shikamoo mwalimu. Kuna tatizo?" Nikamweleza. Akaandika dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, akapandisha mistari kidogo, akaniwekea kidole kwenye maneno Out of memory. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, imejaa. Laptopu ina GB 4 na prosesa ya viini vinne, na waf usipoiambia kitu hujenga mafaili kwa wakati mmoja kulingana na idadi ya viini. Mafaili ya C++ ya programu kubwa kama hii ni malafi. Manne yakikaa meza moja, mfumo unachagua wa kumuua ili wengine wapumue.

"Mwalimu, andika ./waf -j1. Mafaili yatajengwa moja moja."

Nikaanza kufuta folda, akanishika mkono. "Usifute, mwalimu! Inaendelea ilipoishia."

Nilinyamaza kwa muda. Waf inatunza kila faili lililokwisha kujengwa. Usiku wa kwanza nilikuwa nimevuka nusu. Ningerudia amri ileile kwa -j1, ningemaliza kabla ya jogoo. Badala yake nilikuwa nafuta kazi yangu kwa mikono yangu, na nimelipia ushauri huo.

Ilimaliza alfajiri. Sauti haikutoka mara moja: ALSA, sehemu ya mfumo inayoshughulikia sauti, ilikataa kifaa kwa sababu programu nyingine ilikuwa imekishika, tukafunga kivinjari, ikakubali. Nikafungua mradi wa Arusha. Kinanda kikaingia, besi ikaingia, halafu akina mama wa sauti ya kwanza tuliowarekodi jioni hiyo, kila sauti kwenye njia yake. Nikaweza kumshusha mmoja anayepaza bila kumgusa jirani yake. Nililia, nasema kweli.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilidhamiria kutoa mbili. Ujumbe unaosema "imeuawa" bila kutaja RAM ni ukatili kwa mtu anayejifunza peke yake usiku. Lakini ujumbe ule ni wa kompaila, programu inayogeuza msimbo, si wa Ardour, na Paul Davis aliyeianzisha na wenzake wameacha wazi kazi ya miaka zaidi ya 20, mtu kama mimi akaichukua bila kuomba ruhusa. Nne, basi. Hapana, tano. Wenye GB 4 wawekewe tu mstari mmoja unaotaja -j1, mapema kabisa, kabla hawajakesha.

Rafiki yangu ananiambia ningetafuta tu kadi, nilipie iliyokwisha kujengwa, yaishe. Huenda ana haki, na sasa nimepata kadi, nitawatumia kitu. Lakini hii iliyomo kwenye laptopu ya kwaya naijua ilivyoingia.

Yule fundi bado yuko palepale. Nilipita juzi, kuna mama mmoja alikuwa amesimama na laptopu yake kifuani, na yeye hajanyanyua macho. Elfu kumi yangu nitairudia.