Dodoma–Dar "dakika 59"? Nimeijaribu hii aplikesheni ya muda wa ndege

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena, leo niko hapahapa Dom, Area D, na msiondoke maana kuna kitu kimenikera wiki nzima.

Hii aplikesheni mnaijua, unaandika mji unaotoka na unaokwenda, inakupa umbali na muda wa ndege. Muonekano wake naruka, mmeshauona. Twende kwenye skrini. Naandika Dodoma, naandika Dar, nabonyeza… cheki hapo. Kilomita 390, dakika 59.

Hiyo 390 sina ugomvi nayo. Ni mstari wa angani, fuata kidole changu, unatoka hapa unapita kaskazini mwa Moro mjini unaingia Dar, wakati basi linafuata Kibaigwa, Gairo, Dumila, Moro, Chalinze, ndo maana kwa barabara inagonga kama 450.

Ugomvi wangu ni hizo 59. Nimekaa na kalamu nikajua wanazitoa wapi: 390 gawa kwa spidi ya 800 kwa saa, dakika 29, halafu wanajumlisha 30 za kupaa na kutua. Jaribu Mwanza, ona, kilomita 511, saa 1 na dakika 8, hesabu ileile! Sasa 800 ni spidi ya jeti jamani, ukipangiwa ile ndege ya Q400, ya pangaboi, haifiki hata 700.

Na mimi niliiamini. Mama mkubwa alikuwa na kliniki Dar saa nne asubuhi, nikakata tiketi ya ndege ya saa mbili, nikajua tunawahi. Ndege ikaondoka kwa wakati kabisa, ila kutua, kusubiri begi, kutafuta teksi, foleni ya Tazara imesimama, tumefika saa tano kasoro na namba yake ilishapita, mtu mzima akakaa kwenye benchi mpaka mchana. Iliniuma sana.

Kingine, wanapima katikati ya mji mpaka katikati ya mji. Navuta pini kutoka uwanja wa ndege wa hapa mjini, ambao mimi na bodaboda ni dakika chache tu, naipeleka Msalato kwenye uwanja mpya… umeona? Dakika hazijabadilika! Wakati kutoka nyumbani mpaka kule ni safari nyingine.

Ndo maana nasema treni ya SGR inawapa shida hawa watu wa ndege, tangu 2024 unapanda hapa, masaa matatu na kitu mpaka manne unashuka katikati ya Dar, na ilianza kwa 31,000 daraja la kawaida. Ndege bado naipenda, lakini kwa mgonjwa mwenye miadi ningepanda treni ya jana yake.



Sasa hii aplikesheni, ulipie ile ya kila mwezi ya kuondoa matangazo? Hapana. Chukua ya bure, ikusaidie umbali tu, na kwenye muda weka masaa matatu juu yake, hasa kama una mtu anasubiriwa na daktari.