Kanuni za Moodle au modeli ya uwezekano?

Mwalimu wa takwimu hapa Lubumbashi akitaka somo la mtandaoni linalomfuata kila mwanafunzi kwa hatua yake, ana njia mbili.

Ya kwanza ni kanuni ndani ya Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo ya mtandaoni iliyotoka mwaka 2002. Mwalimu mwenyewe anaamua: aliyepata chini ya 10 juu ya 20 arudi kwenye mifano, aliyepita aendelee. Yeyote anaweza kuisoma kanuni hiyo na kuipinga. Masomo huweza kupakuliwa kwenye simu, na hilo si dogo panapokatika umeme na mega zikiwa ghali.

Ya pili ni modeli ya uwezekano ya watafiti Corbett na Anderson ya miaka ya 1990. Kwa kila ujuzi inakadiria mambo manne: uwezekano kwamba mwanafunzi aliujua tangu mwanzo, kwamba ameupata baada ya zoezi, kwamba anabahatisha, na kwamba amekosea ilhali anajua. Hapo inaizidi Moodle kwa mbali, maana jibu moja sahihi haliitoshi. Lakini inadai majibu mengi, na yawe ya wanafunzi wetu.

Tathmini ndiyo inayonigusa zaidi. Modeli ikitabiri vizuri jibu linalofuata, bado haijafundisha mtu. Wapeni wanafunzi jaribio kabla na baada ya somo, pamoja na kundi lililosoma somo lile lile bila kurekebishiwa hatua, na walioacha njiani wahesabiwe pia. Huenda ni wale wasio na simu nzuri.

Kwa darasa jipya ningechagua Moodle, majibu yakihifadhiwa tangu siku ya kwanza ili baadaye modeli ipate cha kujifunzia.